Mdaiwa wangu na riwaya



Mwaka 2013 watafiti David Kidd na Emanuele Castano walieleza katika jarida la Science kwamba waliosoma kipande cha hadithi ya kifasihi walitambua vizuri zaidi hisia za mtu kwa kutazama picha ya macho yake. Wengine waliporudia jaribio, tofauti hiyo haikuonekana. Basi sidai kwamba kurasa chache hulainisha moyo.

Mimi nilikaa wiki mbili na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis. Mtoto Yusuf amewekwa rehani kwa deni la babake, naye hajui. Aziz, tajiri anayemchukua, si mkali hata kidogo. Ni mtulivu, ana adabu, ananukia vizuri.

Hapo nilijiona. Nilikuwa namdai mwenzangu wa hosteli, na kila baada ya Isha nilimkumbusha, kwa upole, mbele za watu. Aya ya 280 ya Suratul Baqara, ya kumsubiri mdaiwa mwenye dhiki, naijua kwa moyo tangu madrasa. Kama ana dhiki, sikuwahi kumuuliza.

Usiku ule nilimuuliza. Alikuwa akila mara moja kwa siku.