Farasi Hajui Jina la Mbinu: Mwongozo kwa Masaisi, Wapandaji na Wasimamizi wa Mazizi

Mwongozo huu ni wa watu wanaofanya kazi zizi moja huku wakivutana juu ya namna ya kumfunza na kumtunza farasi. Huku yuko saisi aliyefundwa kwa utaratibu wa zamani: saa maalumu, matandiko safi, amri fupi. Kule yuko mwenye farasi aliyejifunza ile inayoitwa mbinu ya asili, pamoja na kamba yake ndefu na uwanja wake wa duara. Farasi anayepewa amri mbili zinazopingana huchanganyikiwa, na farasi aliyechanganyikiwa ni hatari kwa kila aliye karibu naye. Ndiyo maana mvutano huu lazima umalizwe na watu wenyewe kabla farasi hajatolewa bandani.

1. Asili ya mbinu hizi

Njia ya kimapokeo ilikuzwa katika shule za upandaji na majeshi ya Ulaya. Mpandaji huongoza kwa miguu, uzito wa mwili na hatamu, na farasi hufunzwa hatua kwa hatua kwa miaka. Wanaosema njia hii ilijengwa juu ya ukatili wanakosea. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Xenophon, askari wa Ugiriki, alikwisha kuandika kwamba mtu asimshughulikie farasi akiwa na hasira.

Mbinu ya asili ilitoka kwa wafugaji wa magharibi mwa Marekani, wakiwemo Tom Dorrance na Ray Hunt, walioiacha desturi ya kumtiisha farasi kwa nguvu. Monty Roberts wa California aliieneza zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1996. Wanaosema mbinu hii haina shinikizo nao wanakosea, kwa kuwa kumkimbiza farasi duarani ni shinikizo kubwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walieleza jinsi walivyotumia kigari cha kuchezea kinachoendeshwa kwa rimoti badala ya mtu, na farasi wakajifunza kukifuata. Basi farasi akikufuata uwanjani, usidhani amekukubali kuwa kiongozi wake. Amejifunza tu mahali ambapo usumbufu unakoma.

2. Kanuni inayotawala mbinu zote mbili

Farasi hujifunza pale shinikizo linapoondolewa. Akiinua kichwa kuikataa hatamu nawe ukaiachia wakati huohuo, umemfunza kukataa. Kwa hiyo:

a) Anza na ishara ndogo kabisa, uiongeze polepole pale tu asipojibu.
b) Akijibu, hata kwa hatua moja, achia papo hapo.
c) Usimvute hatamu na kumbana kwa miguu kwa wakati mmoja.
d) Usitumie mjeledi kuadhibu. Adhabu inayochelewa, farasi haihusishi na kosa lake.
e) Akishikwa na hofu, punguza kazi hadi atulie, kisha urudie hatua ya mwisho aliyoielewa.

3. Tafuta maumivu kabla ya kumwita mkaidi

Farasi anayekataa kupandwa huenda anaumwa. Kagua mdomo na meno, papasa mgongo chini ya tandiko, tazama kama mkanda wa tumbo umemchubua, na uinue kila mguu kuangalia kwato. Mkanda wa pua uache nafasi ya vidole viwili vya mtu mzima juu ya mfupa wa pua. Farasi mzima aliyepumzika huwa na mapigo ya moyo kati ya 28 na 44 kwa dakika, na joto la mwili kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Vipimo vikizidi hapo wakati ametulia, mafunzo yasimame na daktari wa mifugo aitwe.

4. Malezi ya zizini

Katika malezi, shika ya zamani haya: kumsugua kila siku, kusafisha kwato kabla na baada ya kazi, kumwita fundi wa kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8, na kumpoza taratibu baada ya mbio.

Shika ya mbinu mpya haya: kumpa muda wa kutoka nje, wenzake wa kukaa nao, na nyasi za kutosha. Tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, hata akiwa hali kitu, na farasi hawezi kutapika. Nafaka nyingi na nyasi chache humletea vidonda na msokoto wa tumbo. Mpe nyasi kavu zisizopungua takriban kilo 1.5 kwa kila kilo 100 za uzito wake. Mwenye kilo 450 apate karibu kilo 7 kwa siku.

Hata hivyo, ushauri wa kumwacha malishoni usiku kucha usifuatwe bila kufikiri hapa Afrika Mashariki. Visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Farasi waingie bandani kabla ya jua kutua, na wachanjwe kwa wakati. Hapa utaratibu wa zamani una haki.

5. Makubaliano ya zizi

Msimamizi aandike ubaoni amri za kila farasi: neno la kusimama, la kwenda, la kurudi nyuma. Saisi, mpandaji na mwenye farasi wazitumie hizohizo. Anayebadilisha amri aandike tarehe na sababu. Saisi avae viatu vigumu, na kofia ya kinga anapofunza au kupanda. Aripoti badiliko lolote la kula, kinyesi au mwendo, na asikilizwe, kwa maana ndiye anayemwona farasi asubuhi na jioni.

Mbinu ihukumiwe kwa matokeo. Farasi akila vizuri, akisimama tulivu wakati wa kutandikwa na kujibu ishara ndogo, endeleeni nayo, iitwe ya zamani au ya asili. Akiogopa mkono wa mtu, iacheni leo.