Nyangumi na mpiga picha

Nyangumi si samaki. Ni nyama wa bahari: anavuta hewa kama sisi, anazaa na kunyonyesha. Nyangumi wa kijivu hufika urefu wa mita 14, na uzito wake unapita uzito wa viboko kumi.

Kila mwaka nyangumi hao wanatoka bahari ya kaskazini yenye baridi. Wengine wanakuja kuzaa katika ghuba ya San Ignacio, nchi ya Meksiko. Katika karne ya 19 wawindaji waliwafuata humo kwa mikuki. Mama aliyetetea mtoto wake alivunja mashua. Kwa hiyo watu waliwaita mashetani. Baadaye sheria iliwakinga, lakini wavuvi waliendelea kuwaogopa. Mwaka 1972 nyangumi mmoja alikaribia mashua ya mvuvi Francisco Mayoral. Mvuvi alinyosha mkono, akamgusa, wala hakupata dhara.

Leo wageni wanakwenda huko kupiga picha katika mashua ndogo. Mwenye mashua hamfukuzi nyangumi, wala hapiti kati ya mama na mtoto. Anapunguza mwendo, anangoja. Nyangumi akipenda, anakuja mwenyewe na kutoa kichwa majini. Hapo wote wasikimbilie upande mmoja, mashua isipinduke. Mpiga picha anakaa imara, anapiga. Asiyejua kungoja anapata picha ya mgongo unaokwenda zake.

Maulizo
1. Kwa nini nyangumi si samaki?
2. Kwa nini waliitwa mashetani? Walistahili jina hilo?
3. Mwenye mashua anafanya nini ili nyangumi akaribie?