Theluji ya Rwenzori Inapungua: Tunajifunza Nini?



Ndugu zangu katika imani, kila mvua kubwa inaponyesha hapa Kasese na Bwera swali moja hurudi katika darsa zetu: je, mabadiliko haya ya tabianchi yametokana na watu, au ni mwendo wa kawaida wa dunia kama alivyoupanga Allah? Wapo wanaosema kwamba milima imekuwa ikibadilika tangu zamani, basi sisi hatuna la kufanya. Nitalijibu swali hili kwa kuutazama mlima wetu wenyewe.

Kwanza, ni kweli kwamba Rwenzori imebadilika tangu zamani. Katika bonde la Mubuku kuna matuta marefu ya mawe na udongo yaliyosukumwa na barafu. Matuta hayo yanaonyesha kwamba zamani barafu ilishuka mpaka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo leo kuna msitu. Ziwa Mahoma limekaa katikati ya matuta kama hayo. Wataalamu wameyapima mawe hayo na kuona kwamba barafu ilianza kurudi juu takriban miaka 20,000 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na gari wala kiwanda.

Pili, tutazame kasi ya sasa. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, alipanda kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, na Vittorio Sella akapiga picha za safari hiyo. Wakati huo milima 6 ya Rwenzori ilikuwa na barafu, na eneo lake lote lilizidi kilomita za mraba 6. Kufikia mwaka 2003 ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia haina barafu tena. Mwaka 2003 iliyosalia ilikuwa Stanley, Speke na Baker, na tangu hapo imezidi kupungua. Wazee wa Kikonzo waliita theluji hiyo Nzururu, na jina la Rwenzururu limetoka humo. Huenda wajukuu wetu wakalirithi jina bila kuiona theluji yenyewe.

Tatu, sababu. Wanasayansi wamebishana juu ya jambo hili, na ni vizuri tujue walibishana nini. Wengine walisema barafu ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa kavu zaidi, mawingu na theluji vikapungua. Wengine walionyesha kwamba tangu miaka ya 1960 joto la hewa limepanda, na hilo ndilo linaloyeyusha barafu. Kauli hizi mbili zinaweza kuwa kweli kwa nyakati tofauti. Ama joto la dunia nzima katika miongo ya karibuni, hilo limethibitika kwamba linatokana hasa na moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na ukataji wa misitu.

Kwa hiyo hoja ya "tangu zamani" haitoshi. Watu wamekuwa wakifa tangu Adamu, lakini hilo halimwondolei muuaji dhambi yake.

Nne, kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Husemwa kwamba barafu ikiisha, mito yetu itakauka. Vipimo vya mto Mubuku vimeonyesha kwamba maji ya barafu hayafiki hata asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima. Karibu maji yote ni mvua inayoshikwa na msitu na vinamasi vya juu, kisha kuachiliwa polepole. Basi barafu ni shahidi wa joto, lakini ghala la maji yetu ni msitu. Msitu ukikatwa, mvua hushuka yote kwa mkupuo mmoja. Tuliona mto Nyamwamba ulivyovunja kingo zake Mei 2013. Tena Mei 2020, katika Ramadhani ya 1441, mito ya wilaya hii ilifurika pamoja, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Huku Bwera mto Lhubiriha nao una habari zake.

Dini inasemaje? Katika Surat Fatir, aya ya 27 na 28, Allah anataja mvua, matunda na rangi za milima, kisha anataja wanaomcha Yeye kuwa ni wenye elimu. Kuusoma mlima, basi, si jambo lililo nje ya ibada. Na Surat Ar-Rum, aya ya 41, inatufundisha kwamba uharibifu wa nchi kavu na baharini unatokana na matendo ya mikono ya watu, ili waonje matokeo yake na warejee. Kurejea maana yake ni kubadilisha matendo.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, tupande miti ya asili kando ya mito na tuitunze. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 100 kutoka ukingoni kwa mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mingineyo. Tuwaeleze wazazi wetu wanaolima huko kwa adabu, tukikumbuka kwamba fiqhi inakataza kumdhuru jirani, na jirani wa mto ni yule aliye chini yako. Pili, tutawadhe kwa kiasi. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kibaba kimoja, yaani maji yasiyofika lita moja. Tatu, anayesoma sayansi miongoni mwetu afundishe msikitini kwao wakati wa likizo.

Tukifanya hayo, barafu haitarudi kesho. Lakini mvua ijayo itakuta mizizi ardhini.

Wabillahi tawfiq.