SOKO LILIFUNGWA, JE, MTUMWA ALIFUNGULIWA?

Somo: Kumbukumbu la Torati 15:12–15



Kila ufikapo mwezi wa Juni yafaa tukumbuke mkataba uliotiwa sahihi Unguja tarehe 5 Juni 1873. Siku hiyo Sultani Barghash, kwa kushurutishwa na serikali ya Uingereza, alikubali kufunga masoko ya watumwa na kukomesha kuwasafirisha baharini. Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, papo hapo palipokuwa soko.

Tunamshukuru Mungu kwa siku hiyo. Hata hivyo, tuisome kwa makini. Mkataba ulifunga soko, lakini aliyekwisha kununuliwa alibaki mtumwa, akaendelea kupalilia mikarafuu ya bwana wake kama jana. Ilimbidi angoje karibu miaka 24, hadi tarehe 6 Aprili 1897, ndipo Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuufuta utumwa mbele ya sheria. Hapo napo, aliyetaka uhuru wake ilimlazimu aende mwenyewe kuuomba mahakamani. Masuria hawakuhesabiwa, wao walingoja hadi 1909. Na fidia ilipotolewa, walilipwa mabwana. Wengi waliofunguliwa hawakuwa na ardhi, wakabaki katika mashamba yale yale, wakifanya kazi ili waruhusiwe kukaa.

Sasa tufungue somo letu. Musa aliagiza kwamba mtumwa Mwebrania aachwe huru mwaka wa saba, tena asiondoke mikono mitupu. Bwana wake ampe katika kondoo zake, nafaka yake na divai yake. Sababu aliyoitoa ni moja: Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawakomboa.

Basi, tunapoadhimisha sikukuu yoyote ya taifa, tuulize: nani bado anangoja kilichotangazwa siku ile?

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Musa hakuridhika na kumwachia mtumwa mlango wazi tu?
2. Msichana wa kazi aliyetulelea watoto miaka mingi, akiondoka nyumbani kwetu, hubeba nini?
3. Je, wako jirani zetu ambao bado tunawanong'ona kwa utumwa wa babu zao? Tutaikomeshaje desturi hiyo?