Kulifunga Bwawa la Nyumbani Kabla ya Majira ya Baridi: Somo la Kinga na Huduma ya Kwanza

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, bwawa la kuogelea la nyumbani hutumika kwa miezi michache tu. Hufunguliwa mwishoni mwa Mei na kufungwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Katika muda wote uliosalia, maji yake hulala chini ya turubai, barafu na theluji. Miongoni mwa wakazi wa jimbo hilo wamo wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa Wakenya wa mji wa Brooklyn Park na vitongoji vya jirani, na wengi wao hufanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Mtu aliyelelewa Mombasa au Kisumu ameonywa tangu utotoni kuhusu mkondo wa bahari na mawimbi ya ziwa. Hakuna aliyemwonya kuhusu maji asiyoyaona, yaliyofunikwa nyuma ya nyumba anayoifanyia kazi au aliyoinunua juzi.

Kufunga bwawa huhesabiwa kuwa kazi ya fundi. Hata hivyo, karibu kila hatua yake ina jambo la kiafya ndani yake, na ajali zake huishia mikononi mwa wauguzi na madaktari wasiojua ni nini hasa kilichokuwa kikifanyika uani.

Kwa nini bwawa haliachwi lilivyo, wala halimwagwi

Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Aidha, maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzijoto 4 za Selsiasi, ndiyo maana barafu hutangulia kufanyika juu huku ya chini yakibaki majimaji. Ndani ya bwawa lenyewe ongezeko hilo hupata nafasi ya kupanda. Ndani ya bomba, pampu au tangi la chujio halina pa kwenda, na chombo hupasuka. Sheria za ujenzi za Minnesota huagiza misingi ya nyumba ichimbwe hadi inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, yaani kati ya mita 1 na mita 1.5 hivi, kwa sababu baridi inayogandisha huweza kufika kina hicho. Mabomba ya bwawa kwa kawaida yamelazwa juu zaidi ya hapo, kwa hiyo hayana budi kuondolewa maji yote.

Swali la kawaida la mgeni ni kwa nini bwawa zima lisimwagwe, hatari ikaisha. Jibu ni kwamba maji yaliyomo ndani hukabiliana na msukumo wa maji ya ardhini. Yakiondolewa, kuta huweza kupasuka, na wakati mwingine bwawa zima husukumwa juu kama mtumbwi. Isitoshe, shimo tupu lenye sakafu ngumu na kina cha mita mbili na zaidi ni hatari ya namna nyingine. Hivyo maji hushushwa kidogo tu, mengi hubaki, na ni haya yanayobaki ambayo familia huishi nayo kwa miezi saba au minane.

Ndoo moja ya mabaki

Bwawa hufungwa vizuri zaidi maji yanapokuwa yamepoa chini ya nyuzijoto 15 hivi, kwani mwani haukui haraka katika baridi hiyo. Siku chache kabla ya hapo maji husafishwa, kiwango cha pH husawazishwa kati ya 7.2 na 7.6, na klorini huongezwa. Hapa ndipo ajali ya kwanza hutokea. Msimu umekwisha, makopo yamebaki na robo hapa, vijiko vitatu pale, na mwenye nyumba asiyependa kutupa fedha huyamimina yote katika ndoo moja.

Asidi hidrokloriki, ambayo hutumika kushusha pH, ikikutana na klorini ya maji au ya chembechembe hutoa gesi ya klorini papo hapo. Aina mbili za klorini kavu zikichanganywa, kwa mfano kalsiamu haipokloriti na vidonge vya jamii ya trikloro, huweza kuwaka moto au kulipuka, hasa zikipata unyevu kidogo. Kila dawa huwa na kopo lake na kijiko chake. Dawa hutiwa ndani ya maji mengi, kamwe maji hayamiminwi juu ya dawa. Hili halina mpaka wa baridi wala joto: mhudumu wa bwawa la hoteli Zanzibar yumo katika hatari ileile.

Gesi ya klorini ina rangi ya manjano inayoelekea kijani, na ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu. Kwa hiyo hutulia chini, katika chumba cha chini ya nyumba au kwenye kibanda cha pampu, mahali ambapo mtu ameinama akifanya kazi. Ni gesi ileile iliyoachiliwa juu ya wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Aliyeivuta huwashwa macho na koo, hukohoa, hubanwa na kifua na pengine kutapika. Kwanza atolewe mahali pale apelekwe penye hewa safi na pa juu, na anayemwokoa asijitose katika wingu la gesi bila kinga. Nguo zilizolowa dawa zivuliwe. Macho na ngozi vioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Mtu aliyemwagikiwa asidi asipakwe magadi wala kitu kingine cha kuizimua, maana maji mengi ndiyo tiba.

Kwa mhudumu wa afya, jambo la kukumbuka ni kwamba klorini haina kiuasumu chake. Mgonjwa hupewa oksijeni, na dawa za kupanua njia za hewa iwapo anakoroma kifuani. Aliyevuta gesi nyingi asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa kuwa tu kikohozi kimepungua, kwani maji huweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye. Mgonjwa wa pumu hapaswi kabisa kupewa kazi ya kupima na kumimina dawa hizi. Katika nyumba nyingi kazi hiyo huachiwa yeyote aliye karibu, na kosa hilo ni rahisi kulirekebisha.

Mabaki ya dawa huhifadhiwa penye ukavu, asidi mbali na klorini, nje ya chumba chenye tanuri la kupashia nyumba joto. Hayahamishiwi katika chupa ya soda.

Kupuliza mabomba

Baada ya pampu na chujio kufunguliwa vizibo vya chini na kutoa maji, mabomba hupulizwa kwa hewa kutoka kwenye kompresa, kisha matundu huzibwa kwa vizibo vya mpira. Hewa iliyobanwa si ya kuchezewa. Kizibo kisichokazwa huruka kama risasi, na mfuniko wa tangi la chujio uliojazwa hewa kupita kiasi huweza kung'oka na kumpasua kichwa aliyeinama juu yake. Vali ya kutolea hewa iliyo juu ya tangi hufunguliwa kwanza, na mtu husimama kando. Kompresa au jenereta inayotumia petroli huwekwa nje kabisa. Mlango wa gereji ulioachwa wazi hautoshi kuzuia kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, kuingia ndani ya nyumba.

Mahali ambapo maji hayakutoka yote, fundi humimina kimiminika cha kuzuia kuganda. Kinachofaa ni kile cha propilini glaikoli, kiambato kinachoruhusiwa hata katika vyakula. Kile cha magari mara nyingi ni ethilini glaikoli, ambayo ni tamu, na utamu huo huwavuta watoto na mbwa. Aliyeinywa huonekana kama mlevi, kisha damu yake huwa na asidi nyingi na figo hushindwa kufanya kazi. Hospitali hutumia fomepizoli, au ethanoli pale ambapo fomepizoli haipatikani, na huenda ikalazimu kusafisha damu kwa mashine. Tiba hii huokoa iwapo imeanza mapema, kwa hiyo chupa iliyonywewa ipelekwe hospitalini pamoja na mgonjwa. Nchini Marekani, kituo cha ushauri wa sumu hupatikana kwa simu 1-800-222-1222 saa zote, na msemaji wa Kiswahili anaweza kuomba mkalimani.

Turubai linalodanganya

Kuzama ndiko kunakoongoza kwa kuua watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4 nchini Marekani. Watu hufikiria majira ya joto wasikiapo hayo, na huamini kwamba bwawa lililofunikwa ni bwawa lililofungwa. Imani hii ndiyo kiini cha somo hili.

Kuna mifuniko ya namna mbili ambayo kwa mbali hufanana. Ya kwanza ni turubai la kawaida linaloshikiliwa pembeni kwa mirija iliyojazwa maji. Kazi yake ni kuzuia majani na mwanga, haikutengenezwa kumzuia mtu. Mtoto akilikanyaga, huzama katikati, kingo huvutwa, na turubai humfunika na kumzingira huku maji yakiingia. Anayetazama kutoka dirishani haoni mkono wala kichwa. Ya pili ni mfuniko wa usalama, uliokazwa kwa mikanda na springi kwenye vyuma vilivyopandwa katika zege. Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM F1346 huutaka mfuniko wa bwawa la kawaida ubebe pauni 485, takriban kilo 220, yaani watu wazima wawili na mtoto mmoja. Lebo ya kiwango hicho hushonwa au kubandikwa kwenye mfuniko wenyewe, na mtunza mtoto anayeanza kazi katika nyumba yenye bwawa ana haki ya kuiulizia.

Turubai zima, lisilo na tundu, lina hatari nyingine: mvua na theluji iliyoyeyuka hukusanyika juu yake. Sentimita chache za maji hutosha kumzamisha mtoto anayejifunza kutembea. Pampu ndogo huwekwa juu ya turubai kuyaondoa maji hayo, na huendelea kuhitajika hadi barafu ikaze.

Kisha theluji huanguka, na uani pote huwa pamoja. Mgeni hawezi kujua bustani inaishia wapi na bwawa linaanzia wapi. Kwa sababu hiyo uzio hubaki umefungwa majira yote, na lango hujifunga lenyewe. Theluji inayokokotwa kwa koleo isirundikwe kando ya uzio, kwani rundo lililoganda ni ngazi. Ngazi halisi ya bwawa lililo juu ya ardhi huondolewa na kuwekwa ndani. Barafu ya bwawa si uwanja wa kuteleza. Maji yakivuja chini yake, barafu hubaki imening'inia juu ya nafasi tupu, na unene wake haulingani kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Aliyeanguka katika maji ya baridi

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amefundisha kanuni inayoshikika kwa urahisi: moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kwanza mwili hushtuka, mtu hutweta bila hiari, na akiwa chini ya maji huyavuta mapafuni. Kazi yake ni kuituliza pumzi tu. Dakika 10 zinazofuata ndizo ambazo mikono na miguu bado hutii. Huchukua takriban saa 1 kabla ya mtu mzima kupoteza fahamu kwa baridi, mradi kichwa chake kiko nje ya maji.

Mwokoaji apige simu 911 na amfikie aliyeanguka kwa mti, kamba au ngazi iliyolazwa, asirukie ndani. Asiyepumua hupewa pumzi za kuokoa kwanza, kisha kifua hukandamizwa, kwa sababu moyo wa aliyezama husimama kwa kukosa oksijeni. Anayepumua hulazwa chali kwa upole, huvuliwa nguo zilizolowa na kufunikwa makavu. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asipewe pombe.

Katika baridi kali mapigo hupungua mno, hivyo wahudumu huyatafuta kwa muda mrefu zaidi ya kawaida, hadi dakika 1. Mwezi Mei 1999, daktari Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu ya kijito karibu na Narvik, Norwei. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzijoto 13.7. Madaktari wa hospitali ya Tromsø waliendelea kumhudumia, wakaipasha damu yake joto kwa mashine, naye akapona na kurudi kazini. Alikuwa amepata mfuko wa hewa chini ya barafu, mwili ukapoa kabla ya moyo kusimama. Mtoto aliyefunikwa na turubai mara nyingi hukosa hewa kwanza na kupoa baadaye, na matumaini yake ni madogo zaidi. Hata hivyo, uamuzi wa kuacha kumfufua aliyeganda kwa baridi hufanywa hospitalini, baada ya mwili wake kupashwa joto, wala si ukingoni mwa bwawa.

Mwezi Aprili barafu huanza kuachana na kingo. Jua huwaka na watoto hutoka nje bila makoti, lakini maji yaliyo chini ya turubai bado ni ya baridi ya kutosha kuikata pumzi. Lango hubaki limefungwa mpaka siku mfuniko utakapoondolewa.