Kiburi na Kuwatumikia Watu

Sayyidna Abubakar, Allah amuwie radhi, alikuwa akiwakamulia majirani zake mbuzi zao. Alipopewa ukhalifa, mwaka wa 11 Hijria (632), imepokewa kwamba binti mmoja wa mtaani alisema sasa hawatakamuliwa tena. Akamjibu kuwa atawakamulia, naye akaendelea.

Nasi je? Hatuna ukhalifa, tuna kanzu ya darizi na jina la ukoo tu. Na tukiombwa kumtekea maji mjane jirani, twatafuta mtoto wa kumtuma. (Tuandikao haya nasi tumo.) Kiburi, alivyotufunza Mtume, sallallahu alaihi wasallam, si nguo nzuri, bali ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi aonaye haya kumwosha maiti fakiri na auulize moyo wake: je, ni haya kweli?