Entropia Huhesabiwa kwa Mipangilio

Chukua boksi lisilopitisha joto, uligawe nusu kwa nusu kwa kizuizi. Kushoto weka gesi, kulia usiweke kitu. Ukiondoa kizuizi, gesi itaenea boksi zima, wala hutaiona ikijikusanya tena kushoto. Nani anaizuia? Hakuna. Kila molekuli iko huru kurudi kushoto, na hurudi mara nyingi tu. Tatizo ni zote kurudi kwa pamoja.

Tuanze na molekuli 4: A, B, C na D. Kila moja iko kushoto au kulia, hivyo mipangilio yote ni 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16. Zote kuwa kushoto ni mpangilio 1. Tatu kushoto na moja kulia ni mipangilio 4, kwa kuwa hiyo ya kulia yaweza kuwa yoyote kati ya nne. Mbili kwa mbili je? Kushoto zinaweza kukaa AB, AC, AD, BC, BD au CD: mipangilio 6. Sasa, anayepima kwa nje haoni A wala B. Anaona idadi ya kila upande. Kwake mbili kwa mbili ni hali moja, kumbe ndani yake mna mipangilio 6. Usiipite hatua hii haraka, maana yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Kwa molekuli 100 mipangilio hufika 1.27 × 10³⁰. Ungechungulia boksi mara bilioni moja kila sekunde, ungengoja kwa wastani miaka trilioni 40 kuzikuta zote kushoto. Na 100 ni kidogo mno: gramu 32 za oksijeni, yaani moli moja, zina molekuli 6.022 × 10²³.

Entropia ni kipimo cha wingi wa mipangilio hii, nacho hutumia logi. Logi inaingiaje? Tuseme una maboksi mawili ya molekuli 4. Kila mpangilio wa la kwanza huweza kwenda na wowote wa la pili, kwa hiyo mipangilio huzidishwa: 16 × 16 ni 256. Entropia, lakini, hujumlishwa. Kinachogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha ni logi. Ludwig Boltzmann aliunganisha mambo haya mwaka 1877, na kaburi lake jijini Vienna limechongwa S = k log W, ingawa aliyeiandika kwa sura hiyo ni Max Planck. W ni idadi ya mipangilio, logi ni ya asili, na k ni 1.380649 × 10⁻²³ jouli kwa kelvini.

Turudi kwenye boksi, tuchukulie gesi ni bora na jotoridi halikubadilika. Kila molekuli imepata nafasi maradufu, hivyo kwa molekuli N, W imezidishwa kwa 2 tena na tena, mara N, yaani kwa 2ᴺ. Entropia imeongezeka kwa N × k × 0.693, maana 0.693 ndiyo logi ya asili ya 2. Kwa moli moja hiyo ni jouli 5.76 kwa kelvini. Rudolf Clausius, aliyeipa entropia jina mwaka 1865, aliihesabu kwa kugawanya joto linaloingia kwa jotoridi, bila kuhesabu molekuli hata moja. Itanue gesi hiyo polepole, safari hii ukiruhusu joto liingie ili jotoridi lisibadilike, ufuate njia yake, utapata 5.76 ileile.